Hapana ya Nani? Kutoka Matuta ya Uluguru hadi Mifuko ya Rambo

Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, watu walikusanyika kuwaambia watawala kwamba matuta sasa basi. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mradi wa serikali ya kikoloni wa kuokoa udongo wa milima ile kwa kuwachimbisha watu matuta ya ngazi, uliokuwa umeanza mwanzoni mwa muongo huo, haukuinuka tena.

Ofisa wa wakati ule aliyetaka kujua kama wananchi wanaukubali mradi alikuwa na vyombo viwili. Kimoja ni baraza, ambako wandewa, viongozi wa kienyeji wa Waluguru, walisimama mbele na watu wakakaa kimya. Cha pili ni hesabu ya matuta yaliyochimbwa. Vyote viwili vilipima utii, na utii ukichukuliwa kuwa ni kuridhika, mwenye hesabu anajidanganya. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliochimba. Ukimuuliza habari za matuta hakuanza na siasa, alianza na udongo. Kule mlimani tabaka lenye rutuba ni jembamba. Ukiukata mteremko kutengeneza ngazi, udongo mzuri unafukiwa na ule mwekundu usiozaa unabaki juu, kwa hiyo mahindi yanatoka manjano. Kisha alihamia kwenye siku: siku za kuchimba zilikuwa siku za kupalilia, na palizi haimsubiri mtu. Mwisho alifika kwenye ardhi yenyewe. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata mama. Wengi walilima mashamba ya kuazima. Aliyeazima akijenga kitu cha kudumu, kesho atasema pale ni pake. Mwenye shamba hakupenda kumwona mgeni wake akijenga ngazi, na mgeni hakuona sababu ya kumjengea mwenye shamba. Katika maelezo yake yote sikumsikia hata siku moja akisema kwamba mmomonyoko ni uongo. Aliuona udongo kila masika ukishuka na maji ya mto.

Serikali ilikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema wakulima hawaelewi faida ya hifadhi. Wengine waliona mkono wa wachochezi, maana TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa imezaliwa Julai 1954 na ilikuwa rahisi kuitwisha kila fujo. Mwaka 1960 Roland Young, mtaalamu wa sayansi ya siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, walichapisha kitabu kizima juu ya mgogoro ule, *Smoke in the Hills*. Yaani ilihitaji vurugu, maiti na miaka mitano ndipo watu wasomwe kwa utulivu. Na jibu lingine lilikuwa palepale milimani kwa yeyote mwenye macho: upande wa Mgeta, ambako mboga hupata soko na mtu huiona fedha ya jasho lake, kilimo cha ngazi kipo hadi leo. Milima ni ileile, watu ni walewale, udongo unamomonyoka uleule. Kilichotofautiana ni nani anabeba gharama na nani anakula faida.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa habari zote zinazofuata. Katika historia ya mazingira ya nchi zetu, wapimaji wa maoni wamekuwa hodari wa kusikia neno hapana na wavivu wa kuuliza ni hapana ya nini. Wanafanya kazi ya mganga anayepima joto la mgonjwa bila kumwuliza panapouma. Vyombo vimebadilika, kutoka baraza hadi barua, kutoka barua hadi simu ya kiganjani. Uvivu haujabadilika.

Nina haki kidogo ya kuusema, kwa sababu kazi iliyonilisha kwa muda mrefu ilikuwa hiyohiyo ya kusikia. Nilikuwa mhariri wa ukurasa wa barua katika gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam. Ukurasa wa namna ile ni wa zamani katika nchi hii. *Mambo Leo*, jarida la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na barua na mashairi ya wasomaji, na watu walibishana humo kwa vina na mizani. Sisi tulirithi meza hiyo. Barua zilikuja kwenye karatasi zilizochanwa kutoka daftari za shule, nyingine zikiwa na harufu ya mafuta ya taa, nyingine zimepigwa mhuri wa ofisi ya kijiji ili zionekane nzito.

Hakuna hata moja niliyoiona ikisema «uendelevu wa mazingira». Mazingira yaliingia kwa mlango wa nyuma. Mwalimu mstaafu alilalamika kwamba chemchemi iliyokuwa ikinywesha shule imekauka tangu wachoma mkaa wafike. Mkazi wa bondeni aliandika juu ya harufu ya dampo. Mwingine alimlaumu bwana miti anayekamata baiskeli za wabeba kuni na kuyaachia malori ya magogo. Ukitaka kujua watu wanafikiri nini kuhusu misitu, ilikupasa usome barua zinazohusu rushwa.

Nilijifunza pia ni akina nani wasioandika. Barua zilitoka kwa walimu, makarani, wastaafu na wanafunzi wa sekondari. Wanaume kwa wingi. Mwanamke anayetembea nusu siku kutafuta kuni hakuwa na bahasha wala stempu. Na yupo bwana mmoja aliyetuandikia kwa majina tofauti, leo Mpenda Haki, kesho Mama Mwenye Uchungu, keshokutwa Mkulima wa Kilosa, wote wakiusifu mradi uleule. Mwandiko ulimsaliti: herufi «g» yake ilikuwa na mkia mrefu unaopinda kulia. Siku hizi vijana wananieleza kuhusu akaunti bandia kana kwamba ni uzushi wa zama hizi. Mimi nilikuwa naye mmoja, tena anatumia kalamu ya bluu.

Hata hivyo barua zina nguvu zake, na aliyezionyesha vizuri kuliko wote ni Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya, KANU, kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kwa ajili ya gazeti lake la *Kenya Times*, kwa ushirika na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Maathai alianza kuandika barua: kwa gazeti lenyewe, kwa serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, hadi kwa balozi wa Uingereza. Bungeni akatukanwa, na wanawake wa Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, wakadharauliwa kuwa ni kundi la waliopewa talaka. Rais Moi akasema mwanamke mwenye adabu za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama ikaikataa kesi yake. Lakini barua za wasomaji wa kawaida zikaanza kutokea magazetini zikimuunga mkono, katika nchi ya chama kimoja ambako kutia jina chini ya karatasi ya namna ile si jambo la mzaha. Mwishowe mradi ukafa.

Barua zile hazikuwa sensa. Hakuna aliyejua asilimia ngapi ya Wakenya walitaka bustani ibaki. Uzito wake ulikuwa katika kile ambacho kila mwandishi alikihatarisha. Barua moja ya mwaka 1989 yenye jina kamili ilikuwa na maana kubwa kuliko maelfu ya vidole gumba vya leo, kwa sababu kidole gumba hakimgharimu mtu kitu.

Ndiyo maana naisimulia kwa tahadhari habari ya mifuko ya plastiki ya Kenya, inayosifiwa sana kama ushindi wa mitandao ya kijamii. Kabla ya mitandao, vita ilishapigwa na kushindwa. Maathai alipokuwa naibu waziri wa mazingira alionya mwaka 2005 kwamba mifuko iliyotupwa hukusanya maji na kuzalisha mbu wa malaria. Mwaka 2007 na tena 2011 serikali ilijaribu kuipiga marufuku mifuko myembamba. Wenye viwanda wakaibana, na hakuna kilichoshika. Kisha mpiga picha wa Nakuru, James Wakibia, akaanza kupiga picha taka za mji wake, likiwemo dampo la Gioto. Mwaka 2015 akaanzisha kampeni kwenye Twitter kwa alama ya reli inayotaka plastiki ipigwe marufuku. Waziri wa mazingira, Judi Wakhungu, akaiitikia hadharani. Februari 2017 tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza, ikiwa na adhabu za kutisha: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 za Kenya, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Chama cha wenye viwanda kilionya kwamba ajira zaidi ya 60,000 zingepotea. Walioenda mahakamani hawakuizuia.

Sasa fikiria mtu ambaye angetaka kupima mwitikio wa Wakenya kwa kukusanya maandiko ya wiki ile. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika tarehe 8 Agosti, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikayafuta matokeo ya urais. Marufuku iliangukia katikati ya moto huo. Aliyeandika kwa hasira juu ya mfuko huenda alikuwa na hasira na serikali nzima. Aliyeisifu marufuku huenda aliisifu kwa sababu ya mgombea wake. Uchanganuzi wa hisia, yaani ile kazi ya kuyapanga maandiko kuwa chanya au hasi, unaona hasira tu. Hauoni hasira imetoka wapi.

Kampeni ya Nakuru ilifanikiwa kwa sababu haikujaribu kupima chochote. Ilikuwa ombi, lenye picha, lililopelekwa mbele ya mtu mmoja mwenye mamlaka mahali ambapo kila mtu angeona kama anajibu au anakaa kimya. Kwa tabia yake ilikuwa ndugu wa barua za Uhuru Park. Kosa lilianza baadaye, pale watu walipoichukua alama ya reli na kuifanya kura.

Ushahidi kwamba marufuku haihitaji alama ya reli uko jirani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, mwaka ambao Twitter yenyewe ilizaliwa. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2008. Bara tulifika mwaka 2019: Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ni Mei 31, na Juni 1 sheria ikaanza kung'ata. Mtu wa kawaida anayekutwa na mfuko alitakiwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Mifuko ya rambo, ile myeusi iliyofungiwa kila kitu kuanzia nyanya hadi nyama, ikatoweka mitaani kwa kasi iliyotushangaza sote.

Mitandaoni kulikuwa shwari kuliko Kenya. Wapo walioutafsiri utulivu ule kuwa ni kukubali, kama yule ofisa wa barazani. Mwaka mmoja nyuma, 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuwa zimewataka hata wenye blogu walipie leseni kwa mamilioni ya shilingi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwepo tangu 2015. Mtanzania aliyekuwa na neno alilisema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako hakuna mtafiti anayeingia, au alilisema sokoni.

Baada ya kustaafu nilipata kibarua katika mradi mmoja wa watafiti. Tulipewa majedwali ya maandiko ya Kiswahili ya mitandaoni kuhusu taka, misitu, mkaa na mifuko, na kila andiko tuliwekee lebo: chanya, hasi, au wastani. Watu watatu kwa kila andiko, kila mmoja kwake; wawili wakiafikiana, lebo imepita. Kazi za namna hii zimekuwa nyingi. Mwaka 2023 ulitolewa mkusanyo uitwao AfriSenti, wenye twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zilizowekewa lebo na wenye lugha zao. Mkusanyo huo ni msaada mkubwa, kwa kuwa programu za mwanzo zilitegemea orodha za maneno mazuri na mabaya, na orodha hizo zilitungwa kwa Kiingereza.

Kiswahili kinaisumbua mashine kwa namna mbili. Kwanza, kukanusha kwetu kumo ndani ya kitenzi. «Wanajali» na «hawajali» kwa programu inayokata sentensi kwa kufuata nafasi tupu ni maneno mawili yasiyojuana, na sehemu inayobeba kukana haionekani. Hilo wataalamu wanalipunguza kwa kuifundisha mashine vipande vya maneno. La pili ni gumu zaidi: sisi ni watu wa mafumbo. Chukua sentensi ya aina hii: «Hongera sana serikali, leo dagaa nimewabeba kiganjani.» Mashine inakutana na hongera na sana, inatoa chanya. Kijana wa Dar aliyekuwa meza moja nami angesema hasi. Mimi ningemwuliza: hasi kwa nani? Mbeba dagaa hajasema anataka mitaro izibe. Hajasema anapenda ng'ombe ameze nailoni. Amesema amenyang'anywa kibebeo cha bure na hakupewa kingine.

Hapo ndipo tulipobishana kila siku. Jedwali lilikuwa na safu moja ya hisia, na hisia hiyo ilipofika kwenye ripoti iliitwa «mtazamo wa umma kuhusu mazingira». Malalamiko dhidi ya faini, dhidi ya mgambo anayechukua rushwa, dhidi ya bei ya mfuko mbadala, yote yaliingia kapu moja na maneno ya mtu asiyejali kabisa. Niliomba tuongeze safu mbili: kinachopingwa ni nini, na nani anabeba gharama yake. Niliambiwa fedha za mradi hazitoshi kuwalipa waweka lebo kwa safu zaidi. Nilielewa, kila chombo cha kusikia kina mhasibu wake. Lakini niliendelea kuandika maelezo yangu pembeni, na maelezo yale yaliniambia mengi kuliko lebo. Katika maandiko niliyoyatia hasi, aliyeyatetea matumizi ya plastiki kama jambo jema alikuwa adimu. Wengi walikuwa wakijadili pesa.

Chombo chenyewe sasa kimekuwa ghali. Mwanzoni mwa 2023, baada ya Twitter kuuzwa, mlango ambao watafiti waliutumia kuchota maandiko bure ulifungwa na kuwekewa bei ambayo vyuo vyetu vingi haviiwezi. Kwa hiyo picha tuliyonayo ya mawazo ya Waafrika Mashariki mtandaoni kuhusu mazingira imebaki zaidi picha ya miaka ya 2010, tena ya mjini, ya wenye simu nzuri, na kwa sehemu kubwa ya watu wa Kenya, kwani Watanzania wengi walikuwa Instagram na WhatsApp.

Sokoni, mambo yaliendelea bila kusubiri uchanganuzi. Rambo ilipoondoka, ile mifuko laini ya kuangaza iliyoruhusiwa kufungashia bidhaa kama mikate na karanga ikageuzwa vibebeo. Muuza nyanya aliijua hesabu yake: mteja wa nyanya za mia tano hawezi kuuziwa mfuko wa mia tano. Mwaka 2021 serikali ikarudi na katazo jingine, safari hii dhidi ya vifungashio vinavyotumika kama vibebeo. Ukitazama maandiko ya mitandaoni ya 2019, yaliyojaa pongezi za mji msafi, huwezi kuiona hatua hiyo ikija. Ungeiona ukisimama dakika chache kwenye genge lolote la Morogoro mjini na kuangalia mikono.

Sisemi mitandao isisikilizwe. Barua nilizozihariri nazo zilikuwa na upofu wake, na bado zilikuwa na faida kwa aliyejua nani hayumo ndani yake. Atakayekuja kupima mwitikio wa wananchi kwa sheria ijayo, iwe ya mkaa, ya chupa au ya mifuko tena, aanze kwa kuuliza mbadala unauzwa shilingi ngapi na anayeununua anapata ngapi kwa siku. Akishapata majibu hayo ndipo afungue simu yake, na maandiko atakayoyakuta humo yataanza kusomeka.